Vichekesho vya runinga vinavyojirudisha zamani: mbona waliokuwepo ndio wanaokosea?

#1 Mzee wa Antena (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Nimekuwa nikirudia zile tamthilia za vichekesho zinazojirudisha nyuma miaka, na kuna kitu kinanisumbua. Chukua Happy Days. Ilianza kurushwa 1974, na hadithi yake iko Milwaukee katikati ya miaka ya 1950. Pengo ni miaka 20 tu. Aliyeibuni, Garry Marshall, alizaliwa 1934, kwa hiyo miaka inayosimuliwa yeye alikuwa kijana mzima. Halafu fungua misimu ya mwisho umtazame Joanie na Chachi, wale wapenzi vijana: vichwa vile ni vya 1982 kabisa, nywele zimekaushwa kwa mashine zikapeperushwa pembeni.

Mtu akikosea mambo ya Farao namsamehe, hakuwepo. Hawa walikuwepo, watazamaji wao walikuwepo, na picha za harusi zao zilikuwa ukutani zikiwasuta. Ilikuwaje wakapitisha? Uvivu? Bajeti? Wenye hoja karibuni, wenye matusi piteni kushoto.

#2 Kijiti

Ni vichekesho mkuu. Walilipwa wachekeshe, hawakulipwa watunge mtihani wa historia. Uzi ufungwe.

#3 Bi Sindano

Usifungwe kwanza.

Nimeshonea michezo ya jukwaani kwa muda mrefu, naomba niseme la kwangu. Nguo si tatizo, mwigizaji anaivaa asubuhi na jioni anaivua. Nywele anaondoka nazo. Anakwenda nazo kwenye mahojiano, kwenye jalada la gazeti, kwenye filamu nyingine msimu ukiwa mapumzikoni. Ukimnyoa kwa mtindo wa 1955, umemnyoa mwaka mzima. Msimu wa kwanza hana jina, anakubali chochote. Msimu wa sita ana wakala na ana wanasheria, na wewe mtu wa mavazi unaambiwa "mwache".

Ndiyo maana usahihi hushuka kadiri umaarufu unavyopanda. Jaribuni kuzitazama hizi tamthilia kuanzia mwanzo hadi mwisho mtaona.

#4 Nusu Karne

Nakazia kwa Bi Sindano, ila mleta uzi amechanganya Happy Days mbili. Misimu miwili ya kwanza ilipigwa kwa kamera moja, bila watazamaji ukumbini, na ilijitahidi kweli. Wimbo wa kufungulia ulikuwa "Rock Around the Clock", ambao ulirekodiwa 1954. Kuanzia msimu wa tatu, 1975, wakahamia kwenye kamera tatu na watu wameketi mbele wakipiga kelele. Fonzie, yule kijana wa pikipiki, akiingia tu, ukumbi unalipuka. Hapo kipindi kikageuka kuwa cha Fonzie na miaka ya 1950 ikabaki kama pazia la nyuma.

Na huyo Fonzie mwenyewe alianzaje? Kituo cha ABC hakikutaka avae koti la ngozi, kiliona linamfanya aonekane mhalifu. Sehemu za mwanzo amevaa jaketi la kitambaa kama mtu anayekwenda kucheza gofu. Wakaruhusu ngozi iwapo tu yuko na pikipiki yake, na waandishi wakajua cha kufanya: pikipiki ikawa haiko mbali naye. Kwa hiyo lile jaketi la kitambaa lilitokana na woga wa wakubwa. Kumbukumbu ya mtu haihusiki hapo.

#5 Kijiti

Mnalia na nywele. Februari 1978 kwenye Happy Days hiyohiyo Mork, kiumbe wa angani, alitua Milwaukee akitokea sayari ya Ork, akataka kuondoka na Richie, kijana mhusika mkuu. Hapo hamkuona kosa la kihistoria?

#6 Mzee wa Antena

@Kijiti wewe si ulisema uzi ufungwe? Ila umenichekesha.

#7 Kalenda Ukutani

Wote mnazunguka. Kosa kubwa la hizi tamthilia ni hesabu ya miaka, na halina uhusiano na kumbukumbu wala nywele. Kipindi kikipendwa kinaendelea, wakati historia ilikwishakoma.

Vita vya Korea vilianza 25 Juni 1950, mapigano yakasimamishwa 27 Julai 1953. Miaka mitatu na mwezi. M*A*S*H, ile ya hospitali ya jeshi la Marekani kwenye vita hivyo, ilirushwa kuanzia 1972 hadi 1983, misimu 11. Sasa utafanyaje? Kanali Potter anaingia kambini msimu wa nne, na tarehe inatajwa wazi: 19 Septemba 1952. Sawa. Msimu wa tisa wanatuletea sehemu inayofuata kambi mwaka mzima, kuanzia mkesha wa mwaka mpya wa 1951 hadi mkesha unaofuata. Nani yuko pale akiwatakia wenzake heri? Potter huyohuyo, ambaye bado zaidi ya mwaka na nusu ndipo awasili.

That '70s Show ndivyo hivyohivyo. Inaanza Mei 1976 na kufungwa mkesha wa mwaka mpya wa 1980. Ndani ya muda huo wamebana misimu minane, sehemu 200. Wale vijana walioishi chini ya ngazi za kina Forman walipata miezi mingi kuliko sisi wengine.

#8 Mama Wawili

@Kalenda Ukutani umemaliza. Nyongeza: The Wonder Years hawakuwa na shida hiyo. Walirusha 1988 wakisimulia 1968, mwaka uliofuata wakasimulia 1969, wakaenda hivyo hadi 1993 kwa 1973. Pengo halikuyumba, na watoto walikua mbele ya kamera kama watoto wanavyokua. Kumbe inawezekana ukitaka.

#9 Nusu Karne

Inawezekana ukiwa na misimu sita na mada yako ni mtoto anayekua. Vita havikui mama.

#10 Mpiga Ramli

Nashangaa hakuna aliyegusa jambo la wazi. M*A*S*H haikuwa inahusu Korea. 1972 wanajeshi wa Marekani walikuwa bado Vietnam. Kusema waziwazi kwenye runinga kwamba vita hivi ni upuuzi kulikuwa kutafuta ugomvi na kituo na wadhamini. Ukiipeleka hadithi Korea, unasema ulichotaka na hakuna wa kukushika shati. Masharubu ya daktari Hunnicutt, nywele za mwenzake Hawkeye, yale maneno yao ya dharau kwa maofisa, vyote ni vya 1970 kwa makusudi. Mtazamaji alitakiwa aone vita vya siku zake.

Kwa hiyo mkuu Antena, unachokiita kosa ndicho kilichokuwa ujumbe.

#11 Bi Sindano

@Mpiga Ramli makusudi nakubali kwa maneno. Kwa masharubu nakataa. Hakuna mkutano uliofanyika wa kuamua kwamba masharubu yataashiria Vietnam. Mwigizaji alifuga, akapendeza, yakabaki.

#12 Kalenda Ukutani

Halafu Vietnam iliisha 1975 na M*A*S*H ikaendelea miaka minane mbele. Hiyo sitiari ilikuwa ya nini baada ya hapo?

#13 Mpiga Ramli

Watu waliendelea kuiguguna Vietnam hadi miaka ya 1980 yote. Vita havitoki kichwani siku majeshi yanapopanda ndege.

#14 Dk. Bandeji

Mimi nimekaa chumba cha upasuaji, niwatetee kidogo. Waandishi wa M*A*S*H waliwahoji madaktari na wauguzi waliotumika Korea, na visa vingi vilitoka kwenye mahojiano hayo. Larry Gelbart, aliyeiandaa kwa runinga, aliwahi kufika Korea wakati wa vita pamoja na kundi la mchekeshaji Bob Hope. Jamie Farr, yule Klinger wa magauni, alitumika jeshini hadi Korea baada ya mapigano kusimama, na vile vibati vya utambulisho shingoni mwake ni vyake vya kweli.

Wakagombana na kituo chao, CBS, kuhusu vicheko vya kubandika hadi wakakubaliwa jambo moja: ndani ya chumba cha upasuaji visisikike. BBC waliporusha Uingereza waliviondoa kabisa. Nimetazama matoleo yote mawili. Lile lisilo na vicheko linakaribia ukweli wa kazi, kwa sababu utani wa chumba kile hauna wa kuucheka. Kila mtu ameinamisha kichwa.

Mandhari ndiyo sitetei. Kambi inadaiwa kuwa Uijeongbu, kaskazini ya Seoul, ambako majira ya baridi maji huganda. Picha za nje zilipigwa milimani karibu na Malibu, California. Waigizaji wamejifunika makoti mazito huku jua la wazi linawawakia.

#15 Kijiti

Na lile moto la sehemu ya mwisho? Bajeti ililia.

#16 Dk. Bandeji

Moto ulikuwa wa kweli. Oktoba 1982 nyika iliwaka ikateketeza kambi yao ya nje, wakaamua kuuingiza kwenye hadithi. Jambo pekee la hali ya hewa ambalo halikughushiwa.

#17 Shahidi

Kuna kisa kimoja cha M*A*S*H ambacho kinaigeuza mada yote. Msimu wa kwanza kulikuwa na daktari mpasuaji mweusi, Spearchucker Jones (jina lenyewe ni tusi, lakini tuache). Akaondolewa. Sababu iliyotolewa na watayarishaji ni kwamba walichunguza na hawakuona kumbukumbu za madaktari wapasuaji weusi katika hospitali zile za Korea. Baadaye ikaonekana walikuwepo. Rais Truman alikuwa amekwishatia saini amri ya kuondoa ubaguzi jeshini tangu 26 Julai 1948.

Yaani kosa baya kuliko yote lilifanywa kwa jina la usahihi. Kanali anayefika kabla hajafika wakamwacha. Gauni la Klinger wakaliacha. Mtu aliyekuwepo kweli ndiye wakamtoa.

#18 Mzee wa Antena

Hili sikulijua. Asante @Shahidi.

#19 Nusu Karne

Nina wasiwasi na kuwaamini watayarishaji wanapotoa sababu. Msimu wa kwanza ulikuwa na wahusika wengi mno kwenye lile hema, na kadhaa walipotea kimyakimya. Huenda walitaka kupunguza, kisha wakatafuta sababu yenye heshima.

#20 Shahidi

Huenda. Lakini angalia ni yupi aliyekuwa rahisi kupunguzwa.

#21 Chaki Vumbi

Nafundisha historia. Kero yangu iko Uingereza.

Dad's Army ilirushwa 1968 hadi 1977, inahusu Home Guard, raia waliojitolea kulinda nchi dhidi ya uvamizi wa Wajerumani. Wimbo wake wa kufungulia, "Who Do You Think You Are Kidding, Mr Hitler?", kila mtu anaujua kama wimbo wa wakati wa vita. Mwanafunzi wangu aliuandika kwenye insha kama ushahidi wa ari ya wananchi mwaka 1940. Wimbo ule ulitungwa 1968 kwa ajili ya kipindi! Mtego wenyewe ulitegwa kwa ustadi: Jimmy Perry aliandika maneno kwa mtindo wa zamani, kisha wakamtafuta Bud Flanagan, ambaye kweli alikuwa nyota wa nyimbo za miaka ya vita, auimbe. Alifariki mwaka huohuo. Sauti ni ya 1940, wimbo ni wa 1968, nawe mwalimu unaonekana mkorofi ukiukataa.

Halafu kuna sura ya kikosi. Kwa sababu ya Dad's Army watu wanaamini Home Guard ilikuwa ya wazee watupu. Umri ulioruhusiwa ulikuwa miaka 17 hadi 65. Kulikuwa na wanaume wengi wenye nguvu waliozuiwa kuacha kazi muhimu kama za viwandani, na kulikuwa na vijana waliosubiri kufikia umri wa jeshi.

#22 Mama Wawili

Mwalimu, lakini Jimmy Perry mwenyewe alikuwa Home Guard akiwa kijana. Pike, yule mtoto wa mama, ametokana na yeye. Na Arnold Ridley anayecheza mzee Godfrey alijeruhiwa kweli kwenye mapigano ya Somme 1916. Clive Dunn ndiye bandia: Koplo Jones anasimulia vita vya Sudan vya Kitchener, 1898, wakati Dunn alizaliwa 1920. Alikuwa na miaka 48 kipindi kilipoanza, akitetemeka kama wa 70.

Kwa hiyo hawa walijua. Wakachagua wazee kwa sababu mzee anayeamini atamzuia Hitler kwa fagio anachekesha, na kijana wa miaka 30 mwenye bunduki hachekeshi.

#23 Mzee wa Antena

Hapo sasa ndipo swali langu linazidi kukaza. Perry alikuwa kijana ndani ya kikosi, akakumbuka kikosi cha wazee. Si ndiyo kumbukumbu ya kijana? Ukiwa na miaka 16 au 17, kila mwenye miaka 40 ni mzee.

#24 Chaki Vumbi

Naomba niiibe hiyo niitumie darasani.

#25 Kijiti

Nani atamtaja Blackadder nimjibu?

#26 Chaki Vumbi

Mimi. Ile tamthilia ya vichekesho ya Uingereza kuhusu mahandaki ya vita, Blackadder Goes Forth ya 1989. Januari 2014 Michael Gove, waziri wa elimu wa Uingereza wakati huo, alilalamika gazetini kwamba watu wanavitazama Vita Kuu vya Kwanza kupitia vichekesho kama hivyo. Tony Robinson, aliyecheza askari Baldrick humo, akamjibu. Waziri na Baldrick wakizozania historia! Simpendi Gove hata kidogo, lakini majenerali wote kuwa wajinga wanaokula vizuri mbali na risasi si kweli: zaidi ya majenerali 200 wa Uingereza waliuawa, kujeruhiwa au kutekwa. Na askari hawakukaa mstari wa mbele mfululizo kama kina Baldrick, walikuwa wakipokezana.

#27 Kijiti

Jibu langu: kipindi hichohicho, mfululizo wa tatu, kina Dk. Samuel Johnson akimletea mwana mfalme George kamusi yake, huku washairi Byron, Shelley na Coleridge wakimshangilia. Kamusi ilitoka 1755. George alizaliwa 1762. Byron alizaliwa 1788, Johnson akiwa kaburini miaka mitatu. Wasomi wa Oxford na Manchester ndio walioandika, na walijua tarehe zote. Unawasahihishaje watu waliokosea huku wanakukonyeza?

#28 Chaki Vumbi

Kamusi haimdanganyi mtu, upuuzi wake uko wazi. Mahandaki yanadanganya, kwa sababu dakika za mwisho zinamwomba mtazamaji alie. Ukitaka nilie, nina haki ya kukuuliza kama ni kweli.

#29 Fundi Stoo

Habari zenu, nimesoma uzi wote. Mimi kazi yangu ni kutafuta vyombo vya jukwaani: meza, redio, sahani.

Kosa la kila siku halijatajwa bado. Hadithi ikiwa ya 1955, mwelekezaji anataka KILA kitu kiwe cha 1955. Jokofu la 1955, kochi la 1955, gari la mwaka huohuo likiwa linang'aa. Nyumba ya kweli ya 1955 ilijaa vitu vya 1938 na kabati la bibi. Watu hawatupi fanicha kila muongo ukianza. Ukileta kiti cha 1930 kwenye seti ya 1955 unaambiwa "hiki hakisemi hamsini". Kila kitu kinatakiwa kiseme. Hapo That '70s Show nawapa heko, lile gari la familia ni Vista Cruiser ya 1969. Gari kuukuu la baba, kama ilivyo maishani.

Chanzo nadhani ni picha. Wanaoandaa seti hutazama matangazo ya magazeti ya zamani, na tangazo linaonyesha kitu kipya ambacho wengi walikuwa hawajakinunua.

#30 Bi Sindano

Amina! Na picha za familia nazo ni hivyohivyo. Watu walivaa vizuri kwa ajili ya mpiga picha. Miaka 20 baadaye unadhani shangazi alikuwa akipika na kile kilemba.

#31 Mpiga Ramli

Na vilivyoondolewa je? Mwaka 1965 zaidi ya asilimia 40 ya watu wazima wa Marekani walivuta sigara. Arnold's, ule mgahawa wa Happy Days, imejaa vijana kila wiki na hewa ni safi kama ya hospitali. Matangazo ya sigara kwenye runinga ya Marekani yalikwisha Januari 1971, na vituo vilikuwa makini na suala hilo.

#32 Mama Wawili

Nyie mnahesabu makosa wakati wengine wameshapata dawa. The Goldbergs walianza 2013 na msimulizi anasema tu ni "1980 na kitu". Kwisha. Filamu ya 1982 na mchezo wa kompyuta wa 1988 vinakutana wiki moja na huwezi kumshtaki mtu. Anayesimulia ni mtu mzima anayekumbuka utoto, na utoto kichwani hauna tarehe. Hata kaka yake wa kweli amegeuzwa dada, Erica. Mwisho wa sehemu wanakuwekea video halisi za familia ili uamini.

#33 Kalenda Ukutani

Hiyo naiita kukwepa deni. Afadhali Everybody Hates Chris waliosema mwaka. Ingawa nao... Chris Rock alizaliwa 1965. Kwenye tamthilia anatimiza miaka 13 mwaka 1982, alipokuwa na 17 kwa hakika. Utoto wake umesogezwa mbele miaka minne, ukaangukia pazuri katikati ya miaka ya 1980, ambayo mwaka 2005 ilikuwa ndiyo inauzika.

#34 Mzee wa Antena

Kwa hiyo mtu anaweza kughushi mwaka wa utoto wake mwenyewe na hakuna anayegutuka. Naanza kuona kwamba kuwepo hakusaidii chochote.

#35 Shahidi

Kabla hujafika huko, fikiria Hogan's Heroes, 1965 hadi 1971. Mateka wa vita wanaendesha karakana ya hujuma chini ya kambi ya Wajerumani, mkuu wa kambi ni mpumbavu, mlinzi "haoni kitu". Makosa tele: kanali asingelazwa na masajenti, na ile theluji ya bandia haiyeyuki.

Lakini Werner Klemperer anayecheza Klink, huyo mkuu wa kambi, alitoka familia ya Kiyahudi iliyoikimbia Ujerumani 1933. Alikubali kazi kwa sharti kwamba Klink asishinde hata siku moja. Robert Clary, anayecheza mateka LeBeau, alitoka hai Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi. Hao walikuwepo kuliko Marshall na Perry. Wakakubali kucheza kitu ambacho hakikufanana hata kidogo na walichokiona. Sidhani walikuwa wamesahau.

#36 Nusu Karne

Clary alisema mara nyingi kambi ya mateka wa vita na kambi ya mateso ni vitu viwili tofauti. Hakuona kwamba anacheza maisha yake.

#37 Bi Sindano

Na alikuwa mwimbaji anayehitaji mshahara, tusisahau. Si kila kazi ni falsafa.

#38 Kijiti

Tumetoka kwenye nywele za Chachi tumefika Buchenwald. Nani atuteremshe?

#39 Kalenda Ukutani

Mimi. Chuck Cunningham yuko wapi?

#40 Mama Wawili

Nani?

#41 Kalenda Ukutani

Kaka mkubwa wa Richie kwenye Happy Days. Misimu miwili ya kwanza yupo na mpira wake wa kikapu. Kisha hayupo, na hakuna anayemuulizia, mama yake akiwemo. Sehemu ya mwisho, 1984, mzee Howard anainua glasi kuwashukuru watazamaji na kutaja watoto wao WAWILI. Mkuu Antena unalalamika hawakukumbuka miaka ya 1950? Hawakukumbuka 1974.

#42 Fundi Stoo

Kitanda chake kilirudi stoo, hilo naapa.